Jeki ya pikipiki

Jeki ya pikipiki ni kifaa cha kuinua pikipiki kutoka ardhini ili fundi aweze kufungua gurudumu, kubadilisha beringi au kufikia sehemu za chini ya injini. Makala hii inahusu hasa jinsi jeki ya bei nafuu inavyorekebishwa kwa matumizi ya nyumbani katika mazingira kama ya Tunduma, Vwawa na vijiji vya mkoa wa Songwe, Tanzania. Huko pikipiki ni chombo cha kazi cha madereva wa bodaboda na cha wakulima wa kahawa na mahindi wa Mbozi. (Jina bodaboda lenyewe limetokana na usafiri wa mpakani, ingawa mpaka huo ni wa Kenya na Uganda, si wa Tunduma na Nakonde.)

Tatizo la gurudumu la mbele

Pikipiki nyingi za sisi 100 hadi 150 zina stendi ya kati, ambayo huinua gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele hubaki chini, na hapo ndipo watu wengi hutumia jiwe au tofali. Tofali la kuchoma halifai hata kidogo: hupasuka ghafla bila kutoa ishara.

Katika mji wa mpakani wenye malori mengi kama Tunduma, jeki ya chupa haikosekani. Nguvu inayo kupita kiasi, lakini ile ya lori mara nyingi ni ndefu mno kupenya chini ya injini, kichwa chake ni chembamba, na sili zikichakaa hushuka polepole. Jeki ya mkasi ya gari dogo hufaa zaidi. Huinuliwa kwa skrubu, na skrubu hiyo hairudi nyuma yenyewe mzigo unapoikandamiza.

Uzito si hoja kubwa. Pikipiki za aina hii huwa na takriban kilo 100 hadi 130, na zikiwa juu ya stendi ya kati jeki hubeba sehemu tu ya uzito huo. Kasoro ya jeki ya gari iko katika kichwa na kitako chake.

Marekebisho

Kichwa cha jeki ya mkasi kina mfuo mwembamba uliokusudiwa ukingo wa bodi ya gari. Kikiwekwa chini ya injini ya pikipiki, hukandamiza alumini mahali padogo na kuweza kuipasua, au hugusa nati ya kumwagia oili. Aidha, katika pikipiki nyingi chuma cha kukanyagia miguu hufungwa kwa bolti chini ya injini, na bomba la moshi hupita pembeni. Kwa hiyo hutengenezwa kiti: vipande viwili vya chuma cha pembe, vinavyolala sambamba juu ya bamba moja, vikiacha nafasi katikati kwa ajili ya nati ya oili. Juu yake hufungwa mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu. Kabla ya kukata chuma ni vizuri kupima pikipiki yenyewe, maana kiti kinachokaa vizuri kwenye aina moja huenda kisikae kwenye nyingine. Kiti hufungwa kwa bolti. Joto la kuchomelea karibu na pini na mikono ya jeki huweza kuidhoofisha.

Kitako hufungwa juu ya ubao mnene wa sentimita 5 hivi. Ubao huzuia jeki kuzama kwenye sakafu ya udongo, jambo la kawaida wakati wa mvua za Novemba hadi Aprili. Pia huiwezesha jeki kufikia injini mikono yake ikiwa imekwisha kusimama kiasi. Mikono ikiwa imelala kwa nyuzi 15, mzigo wa kilo 60 huivuta skrubu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 224; kwa nyuzi 45 nguvu hiyo ni sawa na ya kilo 60 tu.

Upana una maana zaidi pale stendi ya kati imevunjika au ndiyo inayotengenezwa, kwa kuwa jeki hubeba pikipiki yote. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 80 kutoka chini, kitako cha sentimita 25 huruhusu pikipiki kuinama nyuzi 9 tu kabla ya kuanguka. Ubao wa sentimita 60 huruhusu nyuzi 20. Hata hivyo, pikipiki isiyo na stendi hufungwa pia kwa kamba kutoka usukani hadi kwenye nguzo au boriti.

Matumizi

Stendi ya kati hujikunja kuelekea nyuma pikipiki ikisukumwa mbele. Kosa hilo ndilo huangusha pikipiki gurudumu la mbele likiwa limetolewa, hivyo stendi hufungwa kwa kamba kwenye chuma cha mbele cha chesisi kabla ya jeki kuguswa. Gurudumu likishaacha ardhi kwa sentimita 3 hadi 5, inatosha.

Kisha huwekwa mguu wa akiba: mabomba mawili yanayoingiana, yaliyotobolewa na kufungwa kwa bolti ya milimita 12, au gogo lililokatwa kwa kimo kinachohitajika. Mkono hauingizwi chini ya injini kabla ya mguu huo kusimama. Skrubu hupakwa grisi, na jeki ambayo pini zake zimepinda haifai tena kuinyooshwa kwa nyundo.