Wanawake katika Michezo ya Huzuni ya Wayunani wa Kale

Katika mazungumzo haya nataka kuwaeleza jambo moja la ajabu lililokuwa katika mji wa Athene, yapata miaka mia nne na hamsini kabla ya kuzaliwa Kristo. Mji huo ulikuwa mkuu katika nchi ya Wayunani, ambayo siku hizi yaitwa Ugiriki. Raia wake walikutana wao wenyewe, wakasema na kupiga kura juu ya vita na kodi na sheria. Ndiyo maana husemwa kwamba serikali ya watu ilianza huko. Lakini neno hilo “watu” lataka kuangaliwa vema. Watumwa hawakuwamo, wageni hawakuwamo, na wanawake hawakuwamo. Mke wa raia hakupiga kura, hakusimama barazani, wala hakujisemea mbele ya mahakama. Na hata hivyo, kila mwaka majira ya majani machanga, maelfu ya wanaume hao hao waliketi mteremkoni tangu asubuhi, wakasikiliza wanawake wakisema. Tena si maneno ya jikoni. Walisikia wanawake wakiwakemea wafalme, wakitetea sheria za miungu, wakihesabu taabu za ndoa mbele ya mji mzima. Mambo hayo mawili yalipatanaje?

Kwanza na tuitazame nyumba. Mwanamke wa Athene, tangu kuzaliwa hata kufa, alikuwa chini ya msimamizi mwanamume: baba yake, kisha mumewe, na mume akifa, mwanawe au ndugu yake. Kwa sheria hakuweza kufanya mapatano ya mali iliyopita thamani ya kipimo kimoja cha shayiri, yaani yapata lita 52. Binti aliozwa angali na miaka 14 au 15, na mume mara nyingi alikuwa mtu wa miaka 30. Xenophon, aliyekuwa askari na mwandishi, alitunga kitabu juu ya kutunza nyumba, na ndani yake bwana mmoja aeleza jinsi alivyomfundisha mkewe kazi. Mke huyo aliolewa kabla hajatimiza miaka 15, naye alikuwa amelelewa kwa uangalifu asione wala kusikia mambo mengi ya dunia. Kazi yake ikawa kuhifadhi ghala, kuwasimamia watumishi, kusokota sufu na kufuma nguo.

Hapa yafaa nieleze desturi moja, maana msomaji aweza kuifahamu kinyume. Kwetu mali ya arusi hutoka upande wa mume, ndiyo mahari. Huko Athene ilitoka kwa baba wa binti, ikaenda pamoja naye nyumbani kwa mume. Walakini haikuwa ya mume kabisa. Akimwacha mkewe ilimpasa kuirudisha, na asipoirudisha alitozwa faida ya 18 kwa mia kila mwaka. Basi mali hiyo ilikuwa ngao ya mwanamke, ila ngao yenyewe ilishikwa na baba yake, siyo na yeye.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba wanawake wote walifungiwa ndani. Hiyo ilikuwa heshima ya wenye uwezo. Mke wa maskini aliuza mkate, mboga na tepe sokoni, na kuteka maji kisimani kama kawaida ya maskini po pote. Tena katika mambo ya ibada wanawake walikuwa na nafasi kubwa: kuhani mkuu wa Athena, mungu wa mji, alikuwa mwanamke, na kila mwaka wake za raia walifanya sikukuu ya siku tatu ambayo mwanamume haruhusiwi kuikaribia. Na mji wa Sparta ulikuwa na desturi nyingine kabisa, hata Aristotle akalalamika kwamba karibu sehemu mbili katika tano za ardhi yake zilikuwa mikononi mwa wanawake. Lakini michezo tunayoitaja ilitungwa Athene, na huko mwanamke mwenye heshima ndiye asiyetajwa. Wasemaji mahakamani walijizuia wasilitamke hata jina lake akiwa hai. Pericles, kiongozi mkuu wa mji, alipohutubia maziko ya askari waliokufa katika mwaka wa kwanza wa vita na Sparta, vilivyoanza mwaka 431 kabla ya Kristo (K.K.), aliwaambia wajane kwamba sifa yao ni kutozungumzwa na wanaume, kwa wema wala kwa ubaya.

Sasa na tutoke nyumbani twende mchezoni. Michezo ilichezwa chini ya ngome ya Acropolis, katika sikukuu ya mungu wao Dionysus, mwezi wa Machi au Aprili. Watungaji watatu walishindana, na waamuzi wakatoa tuzo. Michezo hii ya huzuni siku hizi huitwa tanzia, na jina hilo lafaa, kwa kuwa tanzia ni habari ya kifo, na humo kifo ni nadra kukosekana. Waigizaji wenye kusema hawakuzidi watatu, na wote walikuwa wanaume. Walivaa vinyago vya uso, wakabadilisha kinyago kila walipobadilisha mtu. Pamoja nao walikuwapo waimbaji 12, baadaye 15, ambao mara nyingi walikuwa mfano wa wanawake wa mji, nao pia walikuwa wanaume. Je, wake na mabinti waliketi miongoni mwa watazamaji? Wataalamu wangali wakibishana. Mimi naegemea upande wa wasemao kwamba walikuwapo, kwa maana Plato aandika kana kwamba lilikuwa jambo la kawaida.

Katika tanzia 32 zilizohifadhika hata leo, ni moja tu isiyo na mwanamke hata mmoja, nayo ni Philoctetes ya Sophocles. Nyuma ya uwanja palikuwa na nyumba ya mbao yenye mlango mkubwa. Atakaye kuielewa michezo hii na autazame mlango huo. Nje ya mlango ni mahali pa wanaume, pa hotuba na amri. Ndani ni mahali pa wanawake. Kuua hakuonyeshwi, hutendeka ndani, watazamaji wakisikia kilio tu, kisha mlango hufunguliwa na maiti husukumwa nje juu ya jukwaa dogo lenye magurudumu.

Aeschylus aliutumia mlango huo mwaka 458 K.K. katika mchezo wa Agamemnon. Mfalme Agamemnon arudi kutoka vita vya Troy alivyovipigana miaka kumi. Kabla ya kusafiri alimchinja binti yake Iphigenia awe dhabihu, ili wapate upepo wa kuwafikisha. Mkewe Clytemnestra hakusahau. Ampokea kwa maneno matamu, amtandikia nguo nyekundu za thamani azikanyage mpaka mlangoni, ampeleka kuoga, na humo bafuni amtupia vazi kubwa kama wavu na kumwua. Angalieni silaha zake: nguo na maji ya kuoga. Hizo ni kazi zile zile alizopewa mwanamke kuwa heshima yake, na mtungaji amezigeuza mtego. Naona hiyo ndiyo siri ya wanawake wengi katika michezo hii. Deianeira ampelekea mumewe Heracles vazi alilodhani lina dawa ya mapenzi, kumbe ni sumu. Medea naye ampelekea mke mwenziwe vazi na taji.

Habari ya Clytemnestra haikuishia hapo. Mwanawe Orestes alimwua mama kulipa kisasi cha baba, akahukumiwa katika mlima wa Ares, ndio ule Areopago utajwao katika Matendo ya Mitume. Hapo mungu Apollo amtetea kwa neno la kushangaza: kwamba mama si mzazi wa kweli, ila ni mlezi wa mbegu ya baba. Kura zikawa sawasawa, na Athena, ambaye kwa hadithi yao alizaliwa katika kichwa cha baba yake pasipo mama, akamwokoa Orestes. Wanafunzi wangu wa ualimu wakisikia hoja hiyo hucheka, kisha huuliza kama Waathene waliiamini. Jibu moja latoka katika sheria zao. Mwaka 451 K.K., miaka saba tu baada ya mchezo huo, Pericles alipitisha sheria kwamba mtu hawi raia ila baba yake na mama yake wote wawili wawe wa Athene. Mchezoni mama si mzazi. Katika daftari ya raia, pasipo mama mwana hana kitu.

Sophocles alimleta Antigone yapata mwaka 441 K.K. Ndugu zake wawili wameuana, na mfalme Creon ameamuru mmoja wao, aliyeushambulia mji, asizikwe. Antigone amtupia udongo kwa mikono yake. Ismene dada yake amwonya kwamba wao ni wanawake, hawawezi kushindana na wanaume. Creon naye asema wazi kwamba hatatawaliwa na mwanamke. Twasoma mchezo huu mara nyingi kana kwamba Antigone ameacha kazi ya kike na kuingia siasa, lakini nadhani ni kinyume. Kwa Wayunani, kumwosha maiti, kumpaka mafuta na kumlilia kulikuwa kazi ya wanawake wa jamaa. Wakuu wa mji walikuwa wakiichunga kazi hiyo tangu zamani za Solon, aliyepunguza kwa sheria kilio cha wanawake mazikoni na idadi ya wale walioruhusiwa kufuata jeneza. Antigone hakutaka kiti cha Creon. Alitaka kazi yake mwenyewe, na mfalme ndiye aliyevuka mpaka. Afungiwa pangoni akiwa hai, ajinyonga. Mchumba wake Haemon, mwana wa mfalme, ajiua juu yake. Mke wa Creon, Eurydice, asikia habari hiyo, arudi ndani bila kusema neno lo lote, na tunapata kuambiwa kwamba amejichoma kisu. Katika mchezo wenye kelele nyingi, kule kunyamaza kwake ndiko kuzito kuliko yote.

Na sasa Medea, wa Euripides, aliyechezwa majira ya machanga ya mwaka ule ule wa 431, miezi michache kabla Pericles hajawausia wajane wasitajwe. Medea ni mgeni, ametoka Colchis, ng’ambo ya Bahari Nyeusi, akamsaidia Jason na kumfuata Corinth. Jason amwacha apate kumwoa binti wa mfalme. Medea atoka mlangoni, awaambia wanawake wa mji hali yao wote. Asema kwamba mwanamke hutoa mali nyingi kujinunulia mume, na akiisha kumnunua amepata bwana wa mwili wake. Kwamba aingia nyumba ngeni yenye desturi asizofundishwa kwao. Kwamba mume akichoka nyumbani hutoka kwenda kwa rafiki zake, na mke hana wa kumtazama ila yeye mmoja. Wanaume husema wake zao hukaa salama, wao wakipigana vitani. Medea akataa, maana aona uchungu wa kuzaa mara moja wapita hatari ya kusimama na ngao mara tatu. Kila mume aliyeketi pale alikuwa amepokea mali ya arusi, na kila mmoja alijua kwamba mgeni kama Medea hawezi kuzaa raia wa Athene. Kisha mwanamke huyu aliyesema kweli awaua watoto wake mwenyewe. Vilio vyao vyasikika ndani, na waimbaji wasimama nje ya mlango, hawaingii. Waamuzi walimpa Euripides nafasi ya tatu, ndiyo ya mwisho.

Je, Euripides alikuwa rafiki wa wanawake au adui yao? Hata wenziwe walibishana. Mwaka 411 K.K. Aristophanes, mtungaji wa michezo ya kuchekesha, alionyesha wanawake wakimshitaki Euripides katika ile sikukuu yao ya siku tatu, kwamba kwa sababu ya michezo yake waume wamekuwa wakirudi nyumbani na kutafuta wachumba chini ya vitanda na kufunga ghala kwa kufuli. Ni mzaha, ila mzaha wenye mizizi. Mwanamume aliyemsikia Medea aliweza kutoka pale akimwonea mkewe huruma, na jirani yake akatoka akiwa na hofu tu. Sikubali kwamba alikuwa adui. Katika majira ya baridi ya mwaka 416 kuingia 415, Waathene waliushinda mji wa kisiwa cha Melos, wakawaua wanaume na kuwauza wake na watoto. Miezi michache tu baadaye, Euripides aliwaketisha mbele yake akawaonyesha Wanawake wa Troy, mchezo mzima wa mateka wakingoja kugawanywa kwa kura kama vyombo, na mtoto mdogo wa Andromache akitupwa kutoka ukutani. Adui wa wanawake asingefanya hivyo; wala mtu mwenye kutaka kupendwa na mji wake.

Maandishi ya wake wa Athene wenyewe hayakutufikia. Yaliyo karibu nao zaidi ni mawe ya makaburi. Moja, la yapata mwaka 400 K.K., limo katika jumba la makumbusho la Athene: mwanamke aitwaye Hegeso, binti Proxenus, ameketi kitini, na mtumishi amemshikia kijaluba, naye atazama pambo alilolitoa humo. Mkononi pambo halionekani tena, kwa kuwa lilipakwa rangi na rangi imefutika.

Euripides alikufa Makedonia mwaka 406 K.K. Baada ya kifo chake ilichezwa Athene tanzia iitwayo Bacchae, ambayo ndani yake wanawake wa Thebes waacha vitanda vya mfumi, watoka nyumbani wote pamoja, waenda mlimani, na mfalme atakaye kuwarudisha araruliwa na mama yake mzazi. Safari hiyo waamuzi walimpa nafasi ya kwanza.