Kununua Gari Lililokwisha Tumika

Gari ni chombo cha kazi. Hubeba mazao mpaka sokoni. Huleta mbolea na saruji. Usiku huweza kumpeleka mgonjwa hospitali. Lakini gari jipya ni ghali mno, kwa hiyo watu wengi hununua gari ambalo mwingine ameshalitumia.

Ndugu msomaji, huenda wewe na wenzako mna kikundi. Mmeuza alizeti na mahindi, mmeweka akiba, na sasa mnataka gari. Fedha hiyo ni jasho lenu. Gari bovu laweza kuimaliza kwa msimu mmoja.

Magari mengi yaliyotumika yanayouzwa Tanzania, Kenya na Uganda yametoka Japani. Huko nako watu huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani uko kulia. Sheria ya Japani humtaka mwenye gari dogo jipya alipeleke kukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na wengi huona afadhali waliuze gari lingali zima. Hiyo ni bahati yetu. Lakini gari likishakaa hapa miaka 10 katika vumbi na mashimo, si lile tena lililoshuka melini.

Fikirini kwanza juu ya kazi. Mtabeba nini? Njia yenu ikoje wakati wa masika? Kale kagari ka Suzuki Carry kenye injini ya sisi 660, ambako Tanzania huitwa Kirikuu, hakali mafuta mengi. Lakini kalitengenezwa kubeba kilo 350 tu, yaani magunia 3 ya mahindi na mzigo mdogo juu yake. Watu hukapakia magunia 8, halafu hulalamika kwamba springi zimekatika! Kama mzigo wenu ni mkubwa siku za mavuno tu, afadhali mkodi lori siku hizo kuliko kununua gari kubwa litakalosimama bure miezi mingine. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne hupita matopeni, lakini hula mafuta zaidi, na vyuma vyake vya kuharibika ni vingi zaidi.

Tena chagueni gari ambalo fundi wa mji wa karibu amelizoea. Ulizeni madukani kama vipuri vyake vipo. Ndiyo maana wengi hupenda Toyota. Gari la aina ngeni, hata likiwa zuri, laweza kukaa juu ya mawe miezi 6 likisubiri kipuri kimoja.

Hesabu ya mafuta ifanyeni darasani. Tuseme gari la kwanza huenda kilomita 12 kwa lita 1, na la pili kilomita 8. Kila wiki mnasafiri kilomita 240. La kwanza litatumia lita 20, la pili lita 30. Tofauti ni lita 10 kwa wiki. Mwaka una wiki 52, basi ni lita 520. Zidisheni kwa bei ya petroli ya kwenu, mtaona kama lile gari la pili bado ni rahisi.

Wala msimalize akiba yote kwa kununua. Mkiwa na shilingi 12,000,000, tafuteni gari la shilingi 9,000,000. Robo inayobaki italipia bima, kubadili jina kwenye kadi, oili, na matairi mawili au matatu.

Sasa twende kulikagua. Nenda mchana, mvua isiponyesha, maana rangi iliyolowa huficha mengi. Nenda na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Mlipeni ujira wake wa siku. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hamjafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili. Ukiona ute kama chai ya maziwa, huenda maji yameingia katika oili. Gari hilo liache. Fungua na rejeta, lakini wakati wa baridi tu. Ya moto itakuunguza uso. Kisha washa, utazame moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inaunguza oili. Moshi mweusi maana yake inapewa mafuta mengi mno. Moshi mweupe kidogo asubuhi si neno, lakini ukiwa mzito na usiishe injini ikipata moto, maji yanaingia ndani ya silinda. Matengenezo yake ni ghali.

Chukua sumaku ndogo, uipitishe pole pole kwenye mabati ya mlango na ubavu. Mahali isiposhika pamezibwa kwa puti, na chini yake huenda pana kutu au pamewahi kugongwa. Tazama matairi. Likiwa limelika upande mmoja tu, huenda magurudumu hayakukaa sawa au chesisi imepinda. Ubavuni mwa tairi, ndani ya umbo kama yai, pana tarakimu 4. Ukisoma 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Usiamini sana mita ya kilomita. Hurudishwa nyuma. Ikisema kilomita 60,000, na mpira wa pedali umelika mpaka chuma, amini pedali.

Halafu kadi ya gari. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma. Isome herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, uilinganishe na ile ya kwenye kadi. Fanya hivyo na namba ya injini. Usimwachie mtu kazi hii. Umejifunza kusoma, soma mwenyewe. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayewauzia. Akisema kadi iko kwa ndugu yake au benki, msitoe hata shilingi moja mpaka ije. Kwa Tanzania, kubadili jina la mwenye gari hufanywa kwa Mamlaka ya Mapato.

Mkishalileta nyumbani, badilisheni oili na chujio lake, hata kama muuzaji ameapa kwamba ameibadilisha jana. Fundi atazame pia kama injini ina mkanda wa taiming. Katika magari mengi mkanda huo hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na ukikatika njiani waweza kuua injini. Nunueni daftari moja likae ndani ya gari. Kila mnapotia mafuta, dereva aandike tarehe, kilomita na lita.