Kukata Mapigo ya Ingoma kwa Sampla: Mbinu, Umoja wa Mdundo na Haki za Wapigaji nchini Burundi

Utangulizi

Sampla ni kifaa kinachohifadhi sauti iliyorekodiwa na kuwezesha ipigwe upya kwa vibonyezo. Akai MPC60, iliyotoka mwaka 1988, ilikuwa na vibonyezo 16, na mpangilio huo umeigwa na vifaa vingi vilivyofuata. Makala haya yanaeleza namna mdundo wa ngoma unavyokatwa vipande, na kwa nini ukataji wa ingoma ya Burundi ni suala la ufundi na la sera pia.

Utaratibu wa ukataji

Kwanza huteuliwa mzunguko unaojirudia bila kukwama. Kisha hutafutwa mwanzo wa kila pigo, yaani mahali wimbi la sauti linapopanda ghafla. Mkato huwekwa kabla kidogo ya hapo, kwenye nukta ambapo wimbi linavuka sufuri, ili usisikike mlio wa kukatika. Kila kipande hupewa kibonyezo chake, na vibonyezo huunganishwa ili kipande kipya kikinyamazishe kilichotangulia.

Utaratibu huu hufaa ngoma za mpigaji mmoja. Katika ingoma, inkiranya huongoza ikiwa katikati, amashakwe hushikilia mdundo usiokoma, na ibishikizo hufuata inkiranya. Kila kipande cha rekodi ya pamoja, kwa hiyo, hubeba amashakwe ndani yake. Kikihamishwa mahali pengine, mdundo wa msingi hukatika. Njia mbili husaidia: kurekodi kila kundi la ngoma kwa wakati wake, au kukata mzunguko mzima badala ya pigo moja moja.

Funzo la kihistoria

Matumizi ya namna hii yalianza kabla ya sampla. Rekodi ya wapiga ngoma wa Burundi ya mwaka 1967, iliyotolewa na kampuni ya Ocora ya Ufaransa, iliwekwa ala nyingine juu yake katika "Burundi Black" (1971), kisha ikatumiwa na Joni Mitchell katika "The Jungle Line" (1975). Mwaka 1981 Robert Palmer aliandika katika The New York Times kwamba wapigaji wenyewe hawakugawiwa faida.

Athari za kisera

UNESCO iliiorodhesha ngoma ya kifalme ya Burundi mwaka 2014, na amri ya rais ya mwaka 2017 ikadhibiti vikundi na maonyesho. Hata hivyo, kipande cha nusu sekunde husafiri bila mpigaji na bila jukwaa. Udhibiti wa maonyesho pekee haukifikii.

Hitimisho

Kwa vikundi vya Gitega, penye makao ya kale ya ngoma ya Gishora, na vya Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, ulinzi wa kwanza ni mkataba unaotangulia kurekodi. Mkataba huo utaje vipande waziwazi, uandike jina la kikundi katika kila faili, na uweke mgawo wa mapato. Haki isiyodaiwa kabla ya mkato ni vigumu kuidai baadaye, kwa kuwa kipande kilichokwisha kukatwa hakimtaji aliyekipiga.