Una chuma mwilini? Sema kabla ya picha ya sumaku

FUNDI wa jua kali anayekata na kuchomelea vyuma Salaita, Taveta au Voi huenda siku moja akatumwa na daktari Mombasa au Nairobi kupigwa picha ya MRI. Kabla ya kuingia chumbani ataulizwa maswali mengi. Asiyaone kuwa usumbufu, kwani yanaweza kuokoa jicho lake, hata maisha yake.

MRI si eksirei. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla, na mashine nyingi za hospitali zina tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 20,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia yenyewe.

Mashine hizi zilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa, wataalamu walijiuliza: mwili unaweza kustahimili kiasi gani? Mwaka 1981 Uingereza iliweka kikomo cha tesla 2.5. Mwaka 1982 Marekani ikasema tesla 2. Mawimbi ya redio, ambayo hupasha mwili joto, yaliwekewa mpaka wa wati 0.4 kwa kila kilo ya uzito. Baadaye vikomo hivyo vilipandishwa, na leo ziko mashine za tesla 3.

Hata hivyo, hatari kubwa imekuwa chuma kinachovutwa na sumaku. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliripoti kisa cha mtu aliyewahi kufanya kazi ya mabati. Kipande kidogo cha chuma kilichojificha jichoni kilisogea alipopigwa picha, damu ikavuja, jicho likapofuka. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni kuvutwa na sumaku na kumgonga kichwani.

Basi, msomaji, mweleze mhudumu ikiwa:

• Umewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni, hata miaka mingi iliyopita.

• Una risasi, vyuma vya mifupa, au kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo.

• Una mimba.

Acha nje saa, funguo, sarafu na simu. Kumbuka kwamba sumaku hiyo huwa na nguvu wakati wote, hata mashine ikiwa kimya. Pakiwa na shaka kuhusu jicho, eksirei hupigwa kwanza, na chuma kikionekana daktari atatafuta kipimo kingine.