Mruko Huanzia Katika Kutua

Mwezi wa Disemba mwaka 1891, mwalimu James Naismith alipotundika vikapu viwili vya matunda katika ukumbi wa mazoezi wa mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, huko Marekani, alivipigilia penye ukingo wa roshani ya ukumbi ule, ambao kwa bahati ulikuwa futi 10 kutoka sakafuni. Kipimo hicho, ambacho leo huandikwa mita 3.05, ndicho kinachofuatwa hata sasa, na kila kijana aushikaye mpira wa kikapu, awe Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, huiinulia macho pete ile ya chuma na kujiuliza ni kwa njia gani ataupunguza umbali uliopo baina ya pete hiyo na ncha za vidole vyake.

Wako waliojaaliwa kimo, kama Hasheem Thabeet, Mtanzania wa mita 2.21 aliyeteuliwa wa pili katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, ambao haja yao ya kuruka ni ndogo. Walakini mwaka 1986, katika mji wa Dallas, Spud Webb wa timu ya Atlanta Hawks, mtu wa mita 1.70 hivi, alitwaa ushindi wa mashindano ya kutumbukiza mpira kwa mkono mbele ya watu waliompita kwa kichwa kizima, na kwa ushindi huo ikadhihirika kwamba kimo cha mtu na mruko wake ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni majaaliwa matupu. La pili ni majaaliwa yaliyochanganyika na mafunzo, na katika mafunzo hayo mashuhuri kupita yote ni mazoezi ya plaiometriki.

Asili yake ni Urusi ya zama za Kisovieti. Mwalimu wa riadha Yuri Verkhoshansky, mwishoni mwa miaka ya 1950, alipowachunguza warukaji wa miruko mitatu, aliona kuwa mguu wao hupokea kishindo kikubwa mno kila ugusapo ardhi, na kwamba ashindaye ni yule awezaye kukigeuza kishindo hicho kuwa msukumo kwa muda mfupi kabisa. Basi akawafundisha wanafunzi wake kushuka kutoka juu ya kasha na, mara nyayo zigusapo chini, kuruka tena. Mmarekani Fred Wilt, aliyekuwa mkimbiaji wa Olimpiki, ndiye aliyeyapa mazoezi ya namna hii jina lake la leo mwaka 1975.

Siri yake si ngumu kufahamika. Mtu atakaye kuruka kwanza hujishusha, na katika kujishusha huko misuli ya mapaja na mashavu ya miguu hunyooshwa ilhali imejikaza, na kano, hasa ile nene iliyo nyuma ya kisigino, huvutika na kuweka akiba ya nguvu mithili ya mpira wa manati. Lakini akiba hiyo haidumu: mrukaji akikawia chini, sehemu yake kubwa hupotea na kuwa joto. Fauka ya hayo, ndani ya misuli mna vihisio vidogo ambavyo, msuli unyooshwapo ghafla, huuamrisha ujikaze papo hapo kwa njia ya uti wa mgongo, pasipo kungoja shauri la ubongo. Kwa hiyo kusudi la mazoezi haya ni kufupisha kile kituo kilichopo baina ya kushuka na kupanda, hata nyayo zisikae ardhini zaidi ya robo ya sekunde. Na atakaye kuruka sentimita 60 sharti aiache ardhi kwa mwendo wa takriban mita 3.4 kwa sekunde, maana akishakuwa hewani hawezi tena kujiongezea hata unywele.

Ikiwa mambo yote huamuliwa chini, basi ni wajibu wa anayeanza kujifunza kutua kabla hajajifunza kuruka. Na ashuke kutoka kidato kifupi, apokee uzito wake kwa magoti yaliyokunjika na kuelekea kule vielekeako vidole vya miguu, wala yasigongane kwa ndani, kwa sababu magoti yaingiayo ndani huhatarisha ile kano ya katikati ya goti, na wasichana ndio waumiao zaidi kwa jambo hili. Akiisha kutua kwa utulivu, na aruke kamba, kisha arukie juu ya kasha, kisha aruke vizuizi vifupi kwa mfululizo. Na mwisho kabisa, miguu ikiwa imetiwa nguvu kwa kuchuchumaa na vyuma, ajaribu kushuka kutoka sentimita 30 au 40 na kuruka papo hapo. Makasha ya Verkhoshansky, ya sentimita 75 na zaidi, yalikuwa ya mabingwa.

Kwa anayeanza, nyayo kugusa chini mara 80 hadi 100 kwa siku ya mazoezi zatosha, mara mbili kwa juma, na baina yake siku mbili tatu za mapumziko. Kwani arukaye hali amechoka huifundisha misuli yake uzito badala ya wepesi. Viwanja vyetu aghalabu ni vya saruji, na saruji haina huruma kwa kano ya goti, hivyo heri nyasi au sakafu ya mbao. Mchanga wa pwani huvihurumia viungo, ila humeza ile nguvu iliyokusudiwa kurudishwa.

Na faida ni kiasi gani? Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta ongezeko la asilimia 5 hadi 9 hivi, yaani arukaye sentimita 50 hutaraji kuongeza kama mbili na nusu hadi nne na nusu. Anayeahidiwa sentimita 30 kwa mwezi mmoja anauziwa maneno. Na ajipime mwenyewe kwa chaki ukutani, alama ya mkono ulionyooshwa akiwa amesimama na alama ya mruko, kila baada ya majuma machache. Sentimita nne zaweza kuonekana haba kwa mtazamaji. Lakini mpira ugongao pete na kurudi, huku mikono miwili ikiufuata, mara nyingi humwangukia aliyemzidi mwenziwe kwa upana wa vidole viwili.