Taa ya nje mtaani: nani analipa, na pesa za msaada hupitia wapi?

Mombasa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, mwaka mzima. Iwe Januari au Julai, karibu nusu ya siku yetu ni giza. Anayeshuka feri Likoni saa mbili usiku, anayetoka zamu Kipevu akielekea Chaani, mama anayefunga meza ya viazi karai Kisauni, wote wanakutana na giza hilo kabla hawajafika nyumbani. Mara nyingi kwenye barabara kubwa kuna mwangaza. Shida huanza unapokata kona kuingia kichochoroni, na sote tunajua visa vya watu kuvamiwa hapo kwa panga na kunyang'anywa simu.

Maswali tunayoulizwa kuhusu jambo hili ni matatu. Je, kuna msaada wa kuwawezesha wenye nyumba kuweka taa za nje? Tukichanga wenyewe, tufanyeje pesa zisipotee? Na huu ujumbe wa ruzuku ulioingia kwa simu yangu ni wa kweli? Tuyajibu moja moja.

Taa ya barabara ni kazi ya kaunti

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la taa za barabarani. Hapo ndipo pesa za milingoti na zile taa ndefu tunazoziita "mulika mwizi" zinapotakiwa kupangwa. Mkitaka taa ya aina hiyo Mtongwe, Junda au Port Reitz, ombi lenu liingie kwenye mipango ya kaunti mapema. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Vikao vya wananchi kutoa maoni hufanyika kabla ya maamuzi hayo. Ukienda Juni kulalamika, hesabu tayari zimepigwa.

Lakini hata mulika mwizi haimaliziki kila pembe. Nyumba zetu zimebanana, mapaa yanatupa vivuli, na kichochoro cha upana wa mkokoteni kinabaki giza mita chache tu kutoka kwenye mlingoti. Hapo inayosaidia ni taa ndogo iliyo kwenye ukuta wa mtu. Na hapo ndipo swali la ruzuku linapoingia.

Ruzuku ya taa hufanyaje kazi?

Miji mingine imejaribu. Chicago, Marekani, ilianzisha mwaka 2022 mpango wa kuwarudishia wakazi sehemu ya gharama za kamera na taa za nje zinazowaka mtu akipita. Mkazi alinunua kwanza, akaweka risiti, kisha akaomba kurudishiwa kwa kiwango kilichotangazwa. New York nako, mwaka 2016, taa kali ziliwekwa kwenye baadhi ya mitaa ya nyumba za serikali iliyochaguliwa kwa kura. Watafiti walipolinganisha na mitaa ambayo haikupata, waliona uhalifu mkubwa wa nje wakati wa usiku umepungua kwa karibu asilimia 36. Zile zilikuwa taa kubwa kuliko balbu ya ukutani, kwa hivyo usitarajie balbu yako ifanye maajabu. Hata hivyo, inaonyesha kwamba mwangaza si urembo tu.

Ukiangalia mipango kama ya Chicago utaona mambo matatu: masharti yako wazi kwa kila mtu, kuna risiti, na pesa zinatoka kwa mfadhili kuja kwako. Hulipi ndipo upewe. Hili la tatu likumbuke, tutalirudia.

Kwetu kuna jambo jingine. Ruzuku nyingi humtaka "mwenye mali" athibitishe umiliki. Mombasa bara watu wengi wana nyumba bila ardhi: ukuta na paa ni vyako, kiwanja ni cha mwingine. Wengine wamepata hati juzi tu, kama wakazi wa shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, ambao walianza kupewa hati mwaka 2016. Mfadhili akidai hati ya ardhi peke yake, atawaacha nje wale wale wanaoishi kwenye giza. Kwa hivyo mkiandika ombi kwa kaunti, kampuni, msikiti, kanisa au shirika, pendekezeni uthibitisho ambao watu wanao: nambari ya mita ya stima, barua ya chifu, au sahihi za majirani kupitia mzee wa mtaa. Kamati ya Nyumba Kumi, mpango uliozinduliwa 2013, inaweza kuwa ndiyo inayobeba ombi hilo.

Taa iko kwenye mita ya nani?

Taa nyingi za nje hazizimwi na wezi. Zinazimwa na ugomvi wa tokeni. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita au vinane inaweza kuwa na mita moja, wapangaji wakichangia. Taa ya mlangoni ikiwaka usiku kucha, mmoja anauliza: kwa nini nilipie mwangaza wa wapita njia? Basi swichi inazimwa saa nne, na kichochoro kinarudi gizani.

Dawa ya ugomvi huu ni hesabu. Balbu ya LED ya wati 10 ikiwaka saa kumi na moja na nusu kila usiku, kwa siku 30 inakula uniti 3.45. Bei ya uniti hubadilika, lakini tuseme ni shilingi 25 pamoja na kodi: hiyo ni kama shilingi 86 kwa mwezi. Wakigawana wapangaji wanane, kila mmoja anatoa shilingi 11 hivi, karibu bei ya hamri moja.

Sasa chukua balbu ya zamani ya wati 60 kwa saa zile zile. Inakula uniti 20.7, yaani shilingi 517. Na kuna zaidi. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani hupangwa kwa viwango: hadi uniti 30 kwa mwezi, kisha hadi 100, kisha zaidi ya hapo. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 20 ikiongezewa 20 za balbu ya nje inavuka kiwango cha kwanza, na kila uniti inapanda bei. Kwa hivyo kabla ya kugombana nani alipe, badilisheni balbu.

Ikiwa mita haishirikishiki, kuna taa za sola. Zinauzwa taslimu, au kwa malipo ya kidogo kidogo kwa simu, mtindo ambao M-KOPA iliuanza nchini mwaka 2012. Angalieni tu kwamba kifaa cha kulipia kila siku huzima malipo yakichelewa. Kwa taa ya watu wengi, afadhali mchange mnunue moja kwa moja. Paneli isiwe chini ya mwembe, na kwa sababu ya chumvi ya bahari tafuteni vyuma visivyoshika kutu haraka.

Kuchanga bila kuvunja ujirani

Tuchukue mfano wa kichochoro chenye nyumba nane kinachohitaji taa nne. Tuseme kila taa, pamoja na waya na fundi, ni shilingi 2,500. Jumla ni 10,000, yaani 1,250 kwa nyumba. Wakitoa 250 kila wiki, wiki ya tano kazi inafanyika. Mambo haya yatawasaidia:

1. Msikusanye kwenye laini ya mtu mmoja ikichanganyika na pesa zake za sokoni. Tumieni akaunti ya kikundi au laini iliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Kikundi kikisajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii, ni rahisi pia kufungua akaunti na kuomba msaada.
2. Kila anayelipa aweke nambari ya nyumba kama nambari ya akaunti, ikiwa huduma inaruhusu. Kama hairuhusu, mweka hazina aandike jina na tarehe siku hiyo hiyo.
3. Mlipeni muuzaji kwa till au Paybill ya duka lake. Ukitoa pesa kwa wakala kisha ukalipa mkononi, ushahidi unaishia kwa wakala. Kabla ya kubonyeza kutuma, soma jina la biashara linalotokea.
4. Mwisho wa mwezi, ombeni taarifa ya akaunti na mtu wa pili aisome mbele ya wengine. Kufanya hivyo si kumshuku mweka hazina. Ni kumlinda.
5. Wekeni kando pesa za tokeni. Mnaponunua, hakikisheni nambari ya mita, kwa sababu tokeni ya tarakimu 20 iliyotolewa kwa mita nyingine haitaingia kwenu.

Asiyeweza kutoa 1,250 asitengwe. Anaweza kutoa ukuta wake, ngazi, au kazi ya mikono. Taa ikiwa mlangoni pa bibi anayeishi peke yake inaweza kuwafaa wengine wote wanaopita.

Ujumbe wa "umechaguliwa"

Pesa za msaada zikitajwa mtaani, matapeli nao husikia. Ujumbe husema umechaguliwa kupata ruzuku ya taa, tuma 500 ya usajili ili fomu yako ipite. Mwingine hupiga simu, anajiita afisa, anakuomba PIN "tukuwekee pesa". Kuna na wa tatu: unapata ujumbe unaofanana na wa malipo, kisha mtu anapiga akilia kwamba ametuma kimakosa, umrudishie.

Jipime kwa maswali haya. Je, anataka nilipe ndipo nipokee? Je, anataka PIN au nambari ya siri iliyotumwa kwa simu yangu? Je, ananiharakisha nisimuulize mtu? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, kata simu. Kupokea pesa hakuhitaji PIN yako. Sisi hatuiombi, na ofisi ya serikali pia haina haja nayo. Ujumbe wa malipo usiuamini mpaka uangalie salio mwenyewe. Kama ni kweli mtu ametuma kimakosa, mwambie awasiliane na huduma kwa wateja ili muamala urudishwe rasmi. Usimtumie pesa wewe.

Ukiwa umeshatuma, tupigie mara moja kabla pesa hazijatolewa, kisha piga ripoti kituo cha polisi ukiwa na nambari ya muamala.

Kabla fundi hajapanda ngazi

Muulize fundi leseni yake ya EPRA. Kuvuta waya kutoka kwa jirani au kwenye mlingoti ni hatari, hasa msimu wa mvua ukuta ukilowa. Taa iwe juu kiasi cha mtu kutoifikia kwa mkono, ielekee chini njiani, isimpige jirani dirishani. Taa kali inayomuumiza macho mpita njia humficha aliyesimama nyuma yake.

Wiki hii anzeni na hatua moja: pita na jirani saa mbili usiku, hesabuni sehemu zenye giza, kisha mwandike kwenye karatasi kila sehemu iko karibu na mita ya nani. Karatasi hiyo ndiyo mtakayoanza nayo mkienda kuchanga, au mkiipeleka kwa diwani.