Protini za bakteria na mwanzo wa urudufishaji wa plasmidi

Plasmidi ni duara dogo la DNA linalokaa ndani ya bakteria, kando ya kromosomu yake. Jina hilo lilitungwa na Joshua Lederberg mwaka 1952. Plasmidi nyingi hubeba jeni zinazomwezesha bakteria kustahimili dawa. Kwa hiyo kuuliza jinsi zinavyorudufishwa ni kuuliza pia jinsi ustahimilivu huo unavyorithiwa.

Mwaka 1963, François Jacob, Sydney Brenner na François Cuzin walieleza kwamba urudufishaji unahitaji vitu viwili: mahali maalumu katika DNA, na kianzishi kinachopatambua mahali hapo. Plasmidi pSC101 ya bakteria Escherichia coli, yenye jeni ya kustahimili tetrasaiklini, inaidhihirisha kanuni hiyo.

Kianzishi chake ni protini RepA, ambayo jeni yake imo katika plasmidi yenyewe. RepA hushika vipande vitatu vya DNA vinavyofanana na kufuatana. Lakini peke yake haitoshi. DnaA, protini ya bakteria inayoanzisha pia urudufishaji wa kromosomu, hushika mahali pake jirani na hapo. IHF, nayo ya bakteria, huikunja DNA hata sehemu zilizo mbali zikakaribiana. Ndipo nyuzi mbili zinapoachana penye adenini na thimini nyingi, kwa kuwa jozi hizo hazikufungamana kwa nguvu. DnaC huleta DnaB, kimeng'enya kinachoendelea kuzitenga nyuzi; DnaG huunda kipande kifupi cha RNA, na polimerasi III hukiendeleza kwa DNA.

Kazi hii ina mipaka. RepA iliyo moja moja huanzisha urudufishaji; zikiungana mbili mbili, huizuia jeni yao isitoe RepA zaidi. Hivyo nakala za pSC101 hubaki chache, tano hivi katika kila seli, wala hazimlemei mwenyeji.

Si plasmidi zote zinazofuata njia hiyo. ColE1 haina protini kianzishi yake. Hutegemea RNA na polimerasi I ya mwenyeji.

Kwa ufupi, pSC101 hutoa ishara, bakteria hutoa vyombo. Udhaifu wake umo papo hapo: RepA ikizuiwa, bakteria huendelea kugawanyika ilhali plasmidi haiongezeki, na baada ya vizazi kadhaa wengi wao hubaki bila jeni ile ya kuishinda dawa.